Nguvu ya Mwendo katika Miteremko ya Kangema

Mtu ashukaye kwa gari kutoka Kangema kwenda mjini Murang'a hupita migongo na mabonde yaliyofuatana, na mteremko mmoja ukiisha mwingine haukawii kuanza. Abiria wote wajua kwamba mwendo mkali ni hatari, lakini ni wachache wajuao hatari hiyo huzidi kwa kadiri gani. Jambo hili lapimika kwa hesabu, nayo hesabu yenyewe si ngumu.

Kila kitu kiendacho kina nguvu ya mwendo, ambayo wataalamu huiita nishati ya mwendo. Ili kuipata, uzito wa kitu kwa kilo huzidishwa kwa mwendo wake kwa mita katika sekunde moja, kisha huzidishwa tena kwa mwendo ule ule, na jawabu hugawanywa kwa mbili. Kipimo chake huitwa jouli.

UZITO

Chukua mfano wa matatu yenye uzito wa kilo 3,000 pamoja na abiria wake. Wakipakiwa watu saba zaidi, kila mmoja kilo 70, uzito huongezeka kwa kilo 490, yaani karibu sehemu moja ya sita. Nguvu ya mwendo nayo huongezeka kwa kadiri iyo hiyo. Uzito ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara mbili.

MWENDO

Mwendo hauhesabiwi hivyo, maana huzidishwa kwa wenyewe. Matatu hiyo ikienda kilomita 40 kwa saa ina jouli 185,000 hivi. Ikienda 80 ina jouli 740,000: mwendo ni mara mbili, lakini nguvu ni mara nne. Ikienda 120, nguvu ni mara tisa. Kugonga mwamba kwa mwendo wa 40 ni kama kuanguka kutoka mita 6 juu. Kwa 80 ni kama mita 25. Kwa 120 ni kama mita 57.

Hapo ndipo ionekanapo maana ya sheria zilizoanza kutumika nchini Kenya tarehe 1 Februari 2004. Waziri wa Uchukuzi wakati huo alikuwa John Michuki, naye alikuwa Mbunge wa Kangema. Matatu ziliamriwa ziwe na vidhibiti mwendo vya kuzizuia zisipite kilomita 80 kwa saa, na kila abiria awe na kiti na mkanda wa usalama. Siku za kwanza magari mengi hayakuonekana barabarani, na watu wengi wakaenda kazini kwa miguu. Michuki alifariki mwaka 2012, lakini hata leo watu huziita Sheria za Michuki.

Dereva akichezea kidhibiti ili aende 100 badala ya 80, huenda akadhani ameongeza kidogo tu. Kweli, mwendo umeongezeka kwa robo. Lakini nguvu imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

JOTO

Gari likisimama, nguvu yake haipotei, bali huhamia katika breki na kuwa joto. Chuma, maji na hewa vimefanywa kwa chembe ndogo mno zisizotulia kamwe, na kadiri kitu kinavyopata joto ndivyo chembe zake zinavyokwenda mbio zaidi. Basi joto nalo ni nguvu ya mwendo, ila ni mwendo wa chembe usioonekana kwa macho. Nguvu ya matatu iendayo 80 ingetosha kuchemsha lita mbili za maji ya chai.

Mteremko huongeza mengine. Matatu hiyo ikishuka bonde la kimo cha mita 300, na dereva akiizuia kwa breki peke yake, breki hupokea joto kama la kuisimamisha mara 12 kutoka mwendo wa 80. Breki zikipata moto mno hazishiki vizuri. Hata mafuta yake yaweza kuchemka, na dereva akikanyaga huona mguu unazama bure. Kwa hiyo yapasa dereva aingize gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini izuie gari, na breki zipate nafasi ya kupoa.

Abiria naye ana sehemu yake. Amwombaye dereva apunguze mwendo kutoka 100 hadi 80 amemwomba aondoe zaidi ya theluthi ya nguvu yote iliyomo garini. Gharama yake, katika safari ya kilomita 20, ni dakika tatu.