SOMO: Uteuzi wa Mashirika ya Kusimamia Ruzuku za UKIMWI na Kifua Kikuu

Mara kwa mara katibu wa chama cha msingi huletewa barua na shirika lisilo la kiserikali. Pengine shirika hilo laomba ghala la chama litumike kwa semina ya UKIMWI. Pengine laomba lithibitishiwe kwamba limekwisha kufanya kazi kijijini. Aghalabu barua hiyo hupigwa mhuri bila mjadala, kwa kuwa jambo lenyewe ni jema na wagonjwa wanaokusudiwa ni wanachama wetu na jamaa zao. Somo hili lakusudia kueleza fedha za kazi hiyo zatoka wapi, ni nani humchagua mwenye kuzishika, na mhuri wa katibu waingiaje katika habari hiyo.

Sehemu kubwa ya fedha za kigeni zinazotumika kupambana na magonjwa haya katika nchi zetu hutoka katika Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, ulioanzishwa mwaka 2002 na kuwa na makao yake Geneva, Uswisi. Mfuko huo una tabia moja ambayo mwanaushirika yampasa kuishika kwanza: hauna ofisi katika nchi unazozisaidia. Fedha hukabidhiwa taasisi iliyomo nchini, iitwayo mpokeaji mkuu. Huyo ndiye atiaye saini mkataba, afunguaye vitabu vya hesabu, ahakikishaye dawa na vifaa vimenunuliwa, na agawaye sehemu ya fedha kwa mashirika mengine yaliyo karibu zaidi na wananchi, ambayo hapa tutayaita wapokeaji wasaidizi. Shilingi ikipotea mikononi mwa mpokeaji msaidizi huko wilayani, anayeulizwa ni mpokeaji mkuu. Ili kujua yanayotendeka, Mfuko huajiri wakala nchini, mara nyingi kampuni ya ukaguzi wa hesabu, awe jicho lake.

Basi ni nani humteua mpokeaji mkuu? Mfuko hupokea jina na kulichunguza, lakini jina lenyewe hupendekezwa na nchi, kwa njia ya chombo cha uratibu ambamo wamo wajumbe wa serikali, mashirika ya kiraia, madhehebu ya dini, wafanyabiashara, nchi wahisani, na watu wanaoishi na magonjwa hayo. Tanzania Bara chombo hicho hujulikana kwa herufi TNCM, na Zanzibar wana chao. Katika miaka ya mwanzo nchi nyingi zilikiendesha chombo cha namna hii kama kikao cha wizara chenye wageni waalikwa. Bodi ya Mfuko ilipokutana Arusha mwezi Novemba 2004, yaliyokuwa mashauri yakageuzwa kuwa masharti: wajumbe wasio wa serikali wachaguliwe na makundi yao wenyewe, wagonjwa wawe na viti, na uteuzi wa mpokeaji mkuu ufuate utaratibu wa wazi ulioandikwa. Kadhalika, ikiwa mwenyekiti wa chombo na mpokeaji mkuu watoka taasisi moja, sharti kuwe na mpango wa maandishi wa kuzuia mgongano wa maslahi. Kwa maoni yetu sharti hili la mwisho ndilo lenye meno, nalo halitakuwa geni kwa mtu aliyewahi kuona mjumbe wa bodi ya chama akipigia kura zabuni ya lori lake mwenyewe.

Masharti hayo hayakutosha kuzuia yaliyotokea Uganda mwaka uliofuata, nayo yafaa kusomwa kwa makini, kwa maana si habari ya wizi tu. Mpokeaji mkuu wa Uganda alikuwa Wizara ya Fedha, chombo chenye wahasibu, sheria na wakaguzi. Lakini kazi ya kila siku ilikabidhiwa kitengo maalumu kilichoundwa katika Wizara ya Afya ili mambo yaende haraka. Kwa hiyo mwenye kutia saini hakuwa mwenye kutumia, na mwenye kutumia alikuwa nje ya mkondo wa kawaida wa usimamizi. Mwezi Agosti 2005, baada ya wakala kuchunguza hesabu, Mfuko ulisimamisha ruzuku zote 5 za nchi hiyo. Thamani yake ilikuwa kiasi cha dola milioni 201 kwa miaka miwili, na dola milioni 45 hivi zilikwisha kutolewa. Kizuizi kiliondolewa Novemba mwaka ule ule, kwa masharti. Tume iliyoongozwa na Jaji James Ogoola ikaketi hadharani na kuwahoji waliohusika, na ndipo wananchi waliposikia jinsi fedha zilivyokwenda kwa vyama hewa, visivyokuwa na ofisi wala wanachama.

Kesi moja iliyofikishwa mahakamani ina funzo kubwa. Shirika lililoitwa Kituo cha Uwajibikaji cha Uganda lilipewa shilingi milioni 120 za Uganda ili lifuatilie matumizi ya fedha za Mfuko wilayani. Mkuu wake alikuwa pia mkurugenzi katika idara ya usalama wa ndani. Mwezi Aprili 2009 mahakama ilimtia hatiani kwa ubadhirifu na kughushi hati, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Hati zilizoghushiwa ndizo zilizokusudiwa kuonyesha kwamba kazi imefanyika. Katibu msomaji na alikumbuke hilo tutakapoufikia mhuri wake.

Zambia ilichukua njia nyingine. Tangu ruzuku zake za kwanza iliteua wapokeaji wakuu 4: Wizara ya Afya, Wizara ya Fedha, mtandao wa mashirika ya UKIMWI, na umoja wa hospitali za makanisa uitwao CHAZ. Wapo waliosema kuwa na wapokeaji wanne ni kuzidisha ofisi, magari na mishahara, na hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini kashfa ilipoikumba Wizara ya Afya, na Mfuko ukaiondolea kazi hiyo mwaka 2010 na kuikabidhi kwa muda kwa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, ruzuku zilizokuwa chini ya CHAZ ziliendelea. Mlango mmoja ulifungwa, nyumba haikufungwa. Tangu duru ya 8 ya maombi, mwaka 2008, Mfuko wenyewe umehimiza kila nchi iwe na angalau mpokeaji mkuu mmoja wa serikali na mmoja asiye wa serikali. Tanzania Bara imekwenda hivyo: Wizara ya Fedha kwa upande wa serikali, na kwa upande wa pili Amref Health Africa, iliyoanza katika mzunguko wa 2018 hadi 2020 baada ya Save the Children.

Sasa tutazame kamati ya uteuzi inavyofanya kazi, kwa kuwa hapo ndipo mambo huharibika au kutengenea. Kwanza nafasi hutangazwa. Tangazo lililotolewa siku chache kabla ya kufungwa, au lililobandikwa mahali ambapo wachache hupita, si tangazo. Pili, vigezo na alama zake huandikwa kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa, wala havibadilishwi baadaye. Mfuko huchunguza uwezo wa mwombaji katika mambo manne: usimamizi wa fedha, uongozi wake na jinsi anavyowasimamia wapokeaji wasaidizi, ununuzi na utunzaji wa dawa, na ukusanyaji wa takwimu za kazi. Kamati yenye busara huyapa mambo hayo uzito kwa kadiri ya kazi inayotolewa. Mwombaji atakayepewa kazi ya kutafuta wagonjwa wa kifua kikuu vijijini apimwe zaidi kwa usimamizi wa wasaidizi wake na takwimu zake. Ghala kubwa la dawa si hoja kwake.

Hapa kosa la kawaida ni kumpima mwombaji kwa moyo wake. Maandiko ya maombi yote husema kwa uchungu juu ya wagonjwa, na yamkini wote waliyoandika wasema kweli. Lakini kamati haiwezi kuutia moyo alama. Inaweza kuomba taarifa za ukaguzi za miaka 3, kusoma hoja za mkaguzi, na kuangalia kama hoja ya mwaka wa kwanza imejirudia mwaka wa tatu. Hoja iliyojirudia yatuambia zaidi kuliko hoja nzito iliyotokea mara moja na kufungwa. Inaweza kuuliza ni nani mhasibu, amekaa muda gani, na ni nani hutia saini hundi pamoja naye. Inaweza pia kwenda kwa mmoja wa wapokeaji wasaidizi wa zamani, bila mwombaji kuwapo, na kuuliza fedha zilikuwa zikichelewa muda gani. Ziara ya siku moja ya namna hii huzidi kurasa mia za maelezo.

Jambo la gharama lataka uangalifu. Mwombaji anayetaja gharama ndogo kabisa za uendeshaji hupendeza, kama msafirishaji wa pamba anayetaja bei ya chini kuliko wote. Lakini mwenye kujua kazi huuliza lori litajazwa mafuta kwa fedha zipi. Mpokeaji asiye na fedha za kutembelea wilaya hatatembelea wilaya, ataamini karatasi.

Tatu, kila mjumbe hueleza kwa maandishi uhusiano wake na waombaji. Mwenye uhusiano hutoka nje ya chumba wakati jambo hilo likijadiliwa, na kumbukumbu za kikao huonyesha alitoka lini na kurudi lini. Kunyamaza akiwa kitini hakutoshi, maana wenzake watamtazama usoni. Utaratibu huo humhusu pia mpokeaji anayeendelea na kazi: Mfuko wataka uteuzi wake nao uonyeshwe kwa vigezo vilivyoandikwa, isiwe kwamba amekaa sana basi na akae tena.

Uangalifu wote huu ni kwa ajili ya dawa. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, na dozi ikikatwakatwa vijidudu huweza kuwa sugu, hata mgonjwa akahitaji dawa kali zaidi na akawaambukiza wengine ugonjwa huo mgumu. Mwenye VVU humeza dawa za kufubaza virusi kila siku, maisha yake yote. Fedha za Mfuko nazo zimepungua: mwaka 2025 ulipunguza dola bilioni 1.43 katika ruzuku za nchi mbalimbali zilizokwisha kupangwa. Palipokuwa na nafasi ya kuvumilia mpokeaji mzembe, sasa haipo.

Turudi kwa katibu. Chama cha msingi hakina kiti katika chombo cha uratibu, lakini karatasi zake hufika huko. Barua isemayo kwamba shirika fulani limefanya kazi na wanachama wetu miaka 2 huingia katika maombi na kupewa alama. Orodha ya mahudhurio yenye mhuri wa chama huingia katika vitabu vya mpokeaji msaidizi, kisha vya mpokeaji mkuu, na mwisho mbele ya mkaguzi. Kwa hiyo barua za namna hiyo zipelekwe mbele ya bodi, ziandikwe tarehe na idadi halisi, na nakala ibaki katika jalada. Orodha isipigwe mhuri kabla ya semina kumalizika na majina kuhesabiwa. Shirika likija na orodha iliyokwisha kujazwa, jibu la katibu ni fupi.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya masomo

1. Wizara ya Fedha ya Uganda ilikuwa na wahasibu na wakaguzi. Ni kwa nini hawakutosha? Je, katika chama chenu yupo mtu au kamati inayotumia fedha bila kuwa chini ya mkondo wa kawaida wa usimamizi?

2. Shirika A lina hesabu safi lakini halijawahi kufanya kazi wilayani kwenu. Shirika B linajulikana na kupendwa na watu, lakini hoja moja ya ukaguzi imejirudia miaka 3. Mngelipa lipi kazi ya kuwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu, na mngeliwekea masharti gani?

3. Katibu na alete jalada la barua za mwaka uliopita. Ni barua ngapi za uthibitisho zilitolewa kwa mashirika ya nje, na ni ngapi kati yake bodi ilizijua?