Mpenzi wa Mpira na Makosa ya Mchezaji Nje ya Uwanja

Tulikuwa Ruiri, upande wa Meru, kwa ziara ya siku mbili, na jioni moja vijana wa hapo wakatukaribisha katika banda linaloonyesha mpira wa Ulaya. Banda ni la mabati, viti ni mabenchi, na kila aingiaye hutoa shilingi chache. Kabla mchezo haujaanza pakazuka mabishano juu ya mchezaji wa zamani wa timu yetu ya taifa, aliyefungiwa kwa mambo ya rushwa. Kijana mmoja akasema, "Wazee wangu, sisi twalipa kuona mabao. Mtu akishavua jezi, yake ni yake na Mola wake." Wengi wakacheka, wakamuunga mkono. Wala maneno haya si ya Ruiri peke yake. Twayasikia barazani Mombasa, na Malindi, na Lamu, kila Jumamosi ifikapo. Kwa hivyo tumeona yafaa yawe ndiyo darsa yetu.

Kwanza na tulijue jambo lenyewe. George Owino Audi alikuwa beki wa Harambee Stars. Mwaka 2019 kamati ya maadili ya FIFA ilimfungia miaka 10 na kumtoza faranga 15,000 za Uswisi, baada ya kumwona na hatia ya kula njama ya kupanga matokeo ya michezo ya Kenya baina ya Juni 2009 na Machi 2011. Mwenziwe katika njama hiyo, kwa hukumu ya FIFA, ni Wilson Raj Perumal wa Singapore, mtu aliyetiwa gerezani Finland mwaka 2011 kwa biashara hiyo hiyo. Kisha Februari 2020 wakafungiwa wachezaji wanne wa Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo katika ligi yetu: Wakenya watatu miaka minne kila mmoja, na Mganda mmoja maisha.

Sasa tumuulize yule kijana: njama kama hii hufanywa wapi? Haifanywi mbele ya watazamaji. Hufanywa kwa simu, kwa barua, katika vyumba vya hoteli, mtu akiwa amekwisha kuvua jezi yake. Uwanjani huonekana mguu uliochelewa tu, na mtazamaji husema, "Bahati mbaya." Basi lile bao alilolilipia limekwisha kuuzwa kabla yeye hajatoka nyumbani, naye ashikilia kuwa ya nje ya uwanja hayamhusu! (Hukumu ya kamari tumeieleza mara nyingi, na leo hatuirejei, ingawa mle bandani simu zilikuwa mikononi na kila mtu ana dau lake.)

Huenda mtu akasema: wachezaji wetu wana njaa. Jawabu: ni kweli, na twaomba isemwe kwa sauti. Wengi katika ligi yetu hukaa miezi bila mshahara, na mwaka 2019 kampuni ya SportPesa ilipojitoa katika kuidhamini ligi, vilabu vingi vikapata dhiki kubwa. Njaa ni udhuru wa kusikilizwa. Lakini si ruhusa ya kuwauza wenzako kumi waliomo nawe uwanjani, nao wana njaa kama wewe. Hata hivyo lawama haimwishii mchezaji. Mpenzi wa klabu aimbaye tangu adhuhuri mpaka magharibi, amepata lini kuwauliza viongozi wake kama kipa amelipwa? Kwa kocha huuliza kila wiki kwa nini fulani hakuchezeshwa. Swali la mshahara twalisikia kwa nadra mno.

Kuna makosa mengine yasiyogusa matokeo, na hapo ndipo mpenzi hupofuka zaidi. Adam Johnson wa Sunderland, Uingereza, alikamatwa Machi 2015 kwa tuhuma za kumchezea msichana wa miaka 15. Klabu ilimsimamisha muda mfupi, kisha ikamrudisha uwanjani, maana timu ilikuwa ikichungulia shimo la kushuka daraja. Tarehe 6 Februari 2016 akafunga bao Liverpool, na wapenzi wa Sunderland wakashangilia. Siku nne baadaye akakiri mahakamani baadhi ya makosa. Klabu ikamfukuza, na mwezi wa Machi akahukumiwa miaka sita. Mkuu wa utawala wa klabu alijiuzulu mwezi huo huo, ilipodhihiri kuwa aliyaona maandishi ya kesi miezi mingi kabla.

Msichana yule alikuwa mpenzi wa Sunderland. Huyo mchezaji ndiye aliyekuwa akimhusudu. Na kabla ya hukumu alitukanwa, akaitwa mwongo, na watu wanaoipenda timu ile ile anayoipenda yeye. Hapa twataka msomaji asimame kidogo. Hatusemi kila mwenye kutuhumiwa ana hatia. Kumzulia mtu ni dhambi kubwa, na kungoja hukumu ni wajibu. Lakini waliomtukana hawakungoja hukumu. Walikwisha kuhukumu, na hoja yao ilikuwa mguu wa kushoto wa yule mtu.

Sote twakijua kisa cha mwanamke wa Bani Makhzumi aliyeiba, watu wakaona haya kumwadhibu kwa ubora wa ukoo wake, wakamtuma Usama bin Zaid kwenda kumwombea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akakasirika. Hukisoma kisa hicho tukadhani kinawahusu Makureshi wa kale. Siku hizi ukoo ni jezi.

Kijana mwingine pale Ruiri, mpole wa maneno, aliuliza: na aliyekwisha kuadhibiwa je, atazomewa mpaka afe? Ni swali zuri. Kurt Zouma, Mwislamu mwenzetu, Februari 2022 alionekana katika picha akimpiga teke paka wake. Klabu yake ya West Ham ilimtoza pauni 250,000, ambazo ziliwaendea wenye kuhifadhi wanyama. Na Juni mahakama ikampa saa 180 za kazi ya umma, ikamkataza kufuga paka miaka mitano. Alikiri, akaomba radhi. Alizomewa viwanja vingi, na mwaka 2023 akafanywa nahodha wa klabu. Sisi hatuoni kosa katika unahodha ule. Adhabu ilipita, mtu akaitumikia.

Tulimjibu hivyo, naye akarejea: basi na yule wa Sunderland, aliyetoka gerezani mwaka 2019, naye asamehewe? Tukamwambia kuwa asiyedhulumiwa hana cha kusamehe. Haki ile ni ya msichana, si ya Sunderland nzima, wala si yetu sisi tuliokaa mabenchini Ruiri. Yule wa kwanza, aliyesema ya jezi, alikuwa amenyamaza. Mchezo ukaanza, naye akaitia simu yake mfukoni.