Haya Haizuii Elimu



Ndugu katika imani, Ummu Sulaym (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama mwanamke aliyeota ndoto ya kujamiiana analazimika kuoga janaba. Mtume hakumkaripia; alimjibu kuwa ndiyo, akiona maji. Naye Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Leo binti wa Rubondo, hapa Nakivale, amwulize nani? Mama anaona aibu, ustadhi anaishia kwenye twahara ya hedhi, na rafiki anamwambia kuwa mara ya kwanza mtu hapati mimba. Huo ni uongo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa msichana 1 kati ya 4 wenye miaka 15 hadi 19 nchini Uganda alikuwa amekwisha kuzaa au ana mimba.

Basi tuyashike haya:

1. Yai hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi inayofuata, na mbegu za mwanamume huweza kuishi hadi siku 5 mwilini mwa mwanamke. Kwa binti ambaye hedhi yake haijatulia, kuhesabu siku ni kubahatisha.

2. Vidonge, sindano na vipandikizi huzuia mimba, lakini havizuii VVU wala kaswende. Kondomu husaidia kote kuwili.

3. Aliyebakwa hana dhambi. Awahi kituo cha afya: dawa za PEP za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Kila saa ina thamani. Simu ya watoto 116 ni bure.

Wapo wasemao kwamba kufundisha haya ni kufungua mlango wa zinaa. Zinaa ni haramu, na hilo tulifundishe kwanza. Lakini anayeficha kubakwa kwa kuogopa aibu, saa 72 humpita akiwa kimya. Na ndoani pia elimu hii inahitajika: Jabir (r.a.) alisimulia kuwa masahaba walifanya azl huku Qur'ani ikiteremka, na wanazuoni wengi wameruhusu wanandoa kupanga uzazi kwa kuridhiana.

Dada zetu mnaosomea uuguzi na udaktari Mbarara, mkirudi likizo ombeni nusu saa baada ya darsa la akina mama. Anzeni na mama. Binti atamwuliza yeye.

Wabillahi tawfiq.