Ukishukiwa Wizi Dukani Unakofanya Kazi: Haki Zako na Hatua za Kufuata

Tuanze na mfano wa kufundishia. Ni saa mbili usiku katika duka moja la jumla kituoni Myanga, kando ya barabara kuu ya Bungoma kuelekea Malaba. Wafanyakazi wanatoka. Mlinzi wa mlangoni anafungua mkoba wa keshia na kupata pakiti mbili za unga na mafuta ya kupikia. Risiti haipo. Keshia anasema alivinunua mchana na kulipa kwa simu. Meneja anamjibu, "Hizo ni hadithi. Kumbe ndiyo sababu stoo haitimii kila mwezi." Mtu mmoja aliye nje analisikia neno "mwizi" na kulirudia kwa sauti. Baada ya dakika chache vijana wa bodaboda wameshajaa mlangoni.

Jambo kama hili linaweza kumpata mfanyakazi wa duka lolote, awe Myanga, Bungoma mjini au Kitale. Kwa nusu saa tu mtu anaweza kupoteza kazi, jina na hata uhai. Somo hili linaeleza sheria inasema nini na mfanyakazi afanye nini, hatua kwa hatua. Mwenye duka naye asome, kwa sababu akikosea utaratibu anaweza kushindwa kesi hata kama kweli aliibiwa.

1. Wizi ni nini mbele ya sheria

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 268, inasema mtu ameiba ikiwa amechukua kitu kwa hila na bila kuwa na haki ya kukidai. Maneno "kwa hila" yana uzito. Kusahau risiti si wizi, na kukosea kuhesabu chenji si wizi. Ni lazima nia mbaya ithibitishwe.

Hata hivyo, mfanyakazi asilichukulie jambo hili kwa wepesi. Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275, unaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 3. Mfanyakazi anayemwibia mwajiri wake hushtakiwa chini ya kifungu cha 281, na adhabu yake inaweza kufika miaka 7. Sheria inamwona kama mtu aliyevunja uaminifu aliopewa.

2. Dakika za kwanza

Usikimbie. Ukikimbia, walio nje hawataulizia risiti. Usipigane na mlinzi wala usimtukane meneja. Baki ndani ya duka, mahali penye watu wanaokufahamu, na uombe mlango ufungwe ikiwa umati unakusanyika. Maisha yako yakiwa hatarini, wewe au mwenzako apige simu ya dharura ya polisi, 999 au 112.

Sema jambo lako mara moja, kwa ufupi na kwa ukweli: "Nilivinunua leo mchana, nililipa kwa simu, ujumbe uko hapa." Kisha onyesha ushahidi. Usibuni maelezo kwa sababu ya hofu. Uongo mdogo unaosemwa kwa woga huharibu ukweli mkubwa utakaousema baadaye.

Wananchi wenzangu, tukisikia kelele za "mwizi", kazi yetu si kupiga. Katiba, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya ukatili, na anayeshiriki kumpiga mshukiwa hadi kufa anaweza kushtakiwa kwa mauaji. Aliyeibiwa unga anaweza kununua mwingine. Aliyeuawa kwa kosa ambalo hakulitenda hafufuliwi na radhi ya mtu yeyote.

3. Kupekuliwa na kuzuiliwa

Maduka mengi hukagua mikoba ya wafanyakazi wakati wa kutoka, na mara nyingi mfanyakazi alikubali utaratibu huo alipoajiriwa. Hata hivyo, kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mtu na mali yake, na kifungu cha 28 kinalinda heshima yake. Ukaguzi ufanywe kwa adabu, mbele ya shahidi, wala si mbele ya wateja. Mwanamke akihitajika kupekuliwa mwilini, apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa staha. Hakuna meneja mwenye ruhusa ya kumvua mfanyakazi nguo.

Je, mwenye duka anaweza kumkamata mshukiwa? Ndiyo. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu katika hali fulani, kwa mfano anapomwona akitenda kosa kubwa. Lakini kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kumfungia mtu stoo usiku kucha hadi ndugu zake walete pesa si kukamata kisheria, na kunaweza kumtia mwenye duka mashakani.

4. Karatasi unayoletewa utie sahihi

Hapa ndipo wengi huteleza. Meneja anakuja na karatasi na kusema, "Andika kwamba ulichukua, tusameheane, mambo yaishe hapa." Mfanyakazi anaandika ili aende nyumbani. Kesho yake karatasi hiyo inakuwa sababu ya kumfuta kazi.

Usitie sahihi maneno usiyoyakubali. Una haki ya kusoma kwanza, kuomba nakala na kuomba muda. Ukilazimika kuandika maelezo, andika yako mwenyewe: tarehe, saa, ulichonunua, ulivyolipa na aliyekuwepo.

Katika kesi ya jinai, Sheria ya Ushahidi haikubali maungamo yaliyopatikana kwa vitisho au kwa ahadi. Tena inataka maungamo yafanywe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichotajwa na sheria, asiye mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu ambaye mshukiwa amemchagua. Lakini katika shauri la kazi, karatasi hiyo bado inaweza kukuletea taabu. Kwa hivyo jihadhari kabla ya kushika kalamu.

5. Ukipelekwa kituo cha polisi

Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki zifuatazo:

- Kuelezwa mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa.
- Kunyamaza, na kutolazimishwa kukiri kosa.
- Kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika.
- Kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, utafikishwa siku inayofuata ya kazi ya mahakama.
- Kuachiliwa kwa dhamana au bondi kwa masharti ya haki, isipokuwa kuna sababu nzito za kukuzuia.

Kumbuka kuuliza nambari ya taarifa yako katika kitabu cha matukio, yaani OB. Ukitoa pesa za dhamana kituoni, dai risiti. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa hana hatia hadi mahakama ithibitishe vinginevyo.

6. Kikao cha nidhamu kazini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfuta mfanyakazi papo hapo ikiwa ametenda, au anashukiwa kwa sababu za kutosha kuwa ametenda, kosa la jinai dhidi ya mwajiri au mali yake. Waajiri wengi husoma hapo na kufunga kitabu. Wangeangalia nyuma kidogo wangekutana na kifungu cha 41, kinachosema kwamba kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, mwajiri sharti:

- amweleze kosa analoshukiwa, kwa lugha anayoielewa;
- amruhusu aje na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi amchaguaye mwenyewe;
- asikilize na kupima utetezi wake, na wa aliyekuja naye, kabla ya kuamua.

Mwaka 2013, katika kesi ya mwalimu mmoja dhidi ya Tume ya Kuajiri Walimu, mahakama ya ajira ilieleza kwamba kufuta kazi kwa haki kuna miguu miwili: sababu halali na utaratibu halali. Mguu mmoja ukikosekana, uamuzi unaanguka.

Ukiitwa kikaoni, omba barua ya mashtaka, na uulize kama kuna picha za kamera na rekodi za mauzo za siku hiyo. Picha za kamera hufutika baada ya muda, kwa hivyo andika barua mapema ukitaka zihifadhiwe. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, una haki ya kuomba kuona taarifa zinazokuhusu. Sheria hiyo hiyo inaweza kumbana anayesambaza picha yako katika vikundi vya WhatsApp au kuibandika ukutani ikiwa na neno "mwizi". Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

7. Stoo haitimii: nani alipe?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Upungufu wa stoo unaweza kutokana na wizi, lakini pia bidhaa zilizoharibika, mzigo uliopokelewa pungufu, bei iliyoingizwa vibaya, au mtambo wenye hitilafu.

Uingereza ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Kati ya mwaka 1999 na 2015, mamia ya wasimamizi wa vituo vidogo vya posta, wengi wao wakiwa na maduka ya mtaani, walishtakiwa kwa wizi na ulaghai kwa sababu kompyuta zilionyesha pesa zimepungua. Mfumo huo, uitwao Horizon, ulikuwa na kasoro. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Mahakama ilithibitisha kasoro hizo mwaka 2019, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zao. Tarakimu kwenye kompyuta inaonyesha kuna pengo. Haionyeshi mkono uliochukua.

Hapa kwetu, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu kukata mshahara kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi kwa makusudi. Kwa upungufu wa pesa, ni lazima mkataba uwe umemkabidhi wazi kazi ya kupokea na kutunza pesa, na upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Tabia ya kugawanya hasara ya mwezi kwa wafanyakazi wote, bila kujua aliyekosea, haina msingi katika kifungu hicho. Na makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara.

8. Ukifutwa kazi: angalia kalenda

Hata aliyefutwa papo hapo hulipwa mshahara na stahili zake hadi siku aliyofutwa. Pia hupewa cheti cha utumishi chini ya kifungu cha 51. Mwajiri halazimiki kukusifu humo, lakini kukunyima ni kosa.

Ukiona umeonewa, una milango miwili. Wa kwanza ni afisa wa leba, ambaye ofisi zake ziko Bungoma na Kitale. Malalamiko yafike kwake ndani ya miezi 3 tangu kufutwa. Wa pili ni mahakama, ndani ya miaka 3. Kesi za wanaolipwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi zinaweza kusikizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo. Mahakama ikikubaliana nawe, inaweza kuagiza ulipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Sasa sikiliza kwa makini. Wengi husema, "Nitangoja kesi ya wizi iishe kwanza." Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba muda huhesabiwa kuanzia siku ya kufutwa kazi, si siku ya kuachiliwa na mahakama ya jinai. Ukingoja, unaweza kushinda kesi ya jinai na kukuta mlango wa haki za kazi umefungwa.

Asiye na uwezo wa kuajiri wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Wanachama wa KUCFAW, chama cha wafanyakazi wa biashara na vyakula, wamwone mwakilishi wao mapema. Masuala ya ajira na polisi yako chini ya serikali ya kitaifa. Ofisi za kaunti zinaweza kukuelekeza, lakini haziamui kesi hizi.

9. Jikinge kabla ya mvua

- Ukinunua kitu kazini kwako, lipa kwa keshia mwingine na utunze risiti.
- Usifute ujumbe wa malipo kwenye simu.
- Sajili mlangoni vitu vyako unapoingia navyo.
- Usimpe mtu nambari yako ya siri ya mashine ya kuuzia.
- Hesabu pesa unapopokea na kukabidhi zamu, na mtie sahihi wote wawili.
- Mzigo ukija, hesabu kabla ya kutia sahihi.

Maswali ya kujipima

Meneja anasema, "Tia sahihi hapa ndipo uende nyumbani." Utafanya nini? Usikubali maneno usiyoyaamini. Omba muda, na ukiandika, andika maelezo yako mwenyewe.

Umefutwa kazi Januari, na kesi ya wizi bado iko mahakamani. Utamwona lini afisa wa leba? Kabla ya miezi 3 kuisha tangu siku uliyofutwa, bila kungoja hukumu.

Na yule keshia wa Myanga? Katika mfano wetu, alibaki ndani, akafungua simu na kuonyesha ujumbe wa malipo wa saa saba na dakika kumi mchana. Meneja alilinganisha na rekodi za mauzo, akakuta unga na mafuta vimeingizwa saa hiyo hiyo. Kisha alitoka nje na kuwaambia waliokusanyika kwamba hakuna kilichoibwa. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: aliyetuhumiwa mbele ya watu asafishwe jina lake mbele ya watu.