Tezi Zenye Mfereji na Tezi Zisizo na Mfereji

Siku moja baada ya somo la Biolojia, mwanafunzi mmoja wa hapa Matemwe aliniuliza: "Mwalimu, bibi yangu ana kisukari. Hupigwa sindano ya insulini kila siku, naye haipendi. Kwa nini asipewe insulini ya kumeza?" Nilimwahidi kumjibu katika gazeti letu la skuli, maana jibu lake limo katika somo la tezi.

Tezi ni kiungo kitengenezacho kitu maalumu kwa matumizi ya mwili. Nazo ziko namna mbili.

Namna ya kwanza ni tezi za eksokrini, yaani zenye mfereji. Hizi hupeleka maji yake kwa mfereji mpaka juu ya ngozi au katika njia ya chakula. Mvuvi avutaye ngalawa juani hutoka jasho; mwezi wa Ramadhani, ukipita jikoni alasiri, mate hujaa kinywani. Hiyo ni kazi ya tezi zenye mfereji.

Namna ya pili ni tezi za endokrini. Hizi hazina mfereji. Hutoa homoni, nazo homoni huingia katika damu na kuchukuliwa mbali. Kwa mfano, tezi zilizo juu ya mafigo hutoa adrenalini. Ndiyo sababu mtu akishtuka moyo humwenda mbio.

Sasa tulitazame kongosho. Lina kazi zote mbili. Sehemu yake kubwa hutoa maji ya kusaga chakula, yakapita kwa mfereji hadi utumbo mwembamba. Lakini ndani yake mna vikundi vidogo vya seli, alivyovieleza Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1869, navyo huitwa visiwa vya Langerhans. Sisi tukionao kisiwa cha Mnemba mbele ya pwani yetu hatutalisahau jina hilo. Visiwa hivyo havina mfereji. Hutia insulini katika damu, nayo huwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli.

Basi jibu ni hili. Insulini ni protini. Ikimezwa, tumbo na maji ya kongosho lenyewe yataisaga kama yasagavyo samaki, kabla haijafika katika damu. Kwa hiyo hupigwa sindano chini ya ngozi, ipate kuingia katika damu bila kupita tumboni. Vidonge wapewavyo baadhi ya wagonjwa wa kisukari ni dawa nyingine, si insulini.

Kabla ya insulini kupatikana, mtoto ambaye kongosho lake limeacha kuitoa hakuwa na tumaini. Mwezi wa Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 alipigwa sindano hiyo, akapata nafuu.

Wazee wetu, mgonjwa wenu asiiache sindano wala asibadili kipimo chake bila shauri la daktari, hata mwezi wa Ramadhani. Nawe mwanafunzi uliyeniuliza, mweleze bibi yako kwa upole: haipendi, lakini ndiyo njia ya kongosho lenyewe.