Ibada inaonekana, sauti haisikiki

Kwaya imesimama, kinanda kimeanza, na ndani ya kanisa spika zinatikisa madirisha. Kwenye simu ya bibi mgonjwa aliyebaki nyumbani, midomo inacheza tu. Chini ya video ujumbe unamiminika: "Sauti hakuna!" "Huku hatusikii." Kijana wa mitambo anaanza kubonyeza kila kitufe anachokiona, na hapo tatizo moja huzaa matatu. Fundi wa sauti anajibu maswali ya vijana kama huyo, hasa wanaorusha ibada kwa OBS Studio, programu ya bure iliyoanza mwaka 2012.

Aanzie wapi?

Kwenye mistari ya sauti ya OBS, ile ya kijani, njano na nyekundu, kabla hajagusa kitu kingine. Mistari ikicheza mhubiri anapoongea, sauti imeshafika kwenye kompyuta na hitilafu iko mbele, kuelekea kwa watazamaji. Ikilala, hitilafu iko nyuma: kwenye waya, kwenye mikisa, au kompyuta imekataa kuipokea. Kufuta programu na kuiweka upya katikati ya ibada ni kupoteza mahubiri yote bure.

Jumapili iliyopita ilifanya kazi na hakuna aliyebadilisha chochote. Leo mistari imelala. Kwa nini?

Kwa kawaida kipo kilichobadilika, ila ni kidogo mno kukumbukwa. Katikati ya wiki kompyuta ilipelekwa ofisini, kisha waya wa USB wa mikisa ukarudishwa tundu la pili badala ya la kwanza. Windows inaweza kuiona mikisa ileile kama mgeni. Mikisa kadhaa ndogo za Behringer hujitambulisha kwa jina USB Audio CODEC. Zikihama tundu, jina hilo huweza kurudi likiwa na "2-" mbele yake, na OBS ikabaki kumsubiri yule wa zamani. Dawa ni kufungua sifa za chanzo cha sauti na kuchagua kifaa upya kwenye orodha. Kisha tundu hilo libandikwe plasta ya rangi, ili anayefunga mitambo Jumapili ijayo asikisie.

Kama kifaa kimechaguliwa sawasawa na bado kimya, atazame mipangilio ya faragha. Windows huhesabu hata mikisa kuwa maikrofoni, hivyo ruhusa ya maikrofoni ikizimwa, OBS haisikii kitu. Kompyuta za Mac nazo zinadai ruhusa hiyo tangu toleo la Mojave la mwaka 2018.

Sauti hupotea tu pale maneno ya wimbo yanapooneshwa. Kwa nini?

Chanzo cha sauti kimewekwa kwenye onesho (scene) la mimbari pekee. Likibadilishwa onesho, mstari wenyewe hutoweka. Kiwekwe kwenye mipangilio ya jumla ya sauti, kitasikika popote.

Na mistari ikicheza, lakini watazamaji wote hawasikii?

Afungue mipangilio ya kina ya sauti. Kuna visanduku vya namba 1 hadi 6, na matangazo kwa kawaida huchukua namba 1. Alama yake ikiondolewa, mstari utacheza ila hakuna kitakachotoka.

Wenye hedifoni wanasikia, wenye simu za kawaida hawasikii. Inawezekanaje?

Hili ndilo huwatesa vijana wengi, kwa kuwa wao wenyewe huvaa hedifoni na kuapa kwamba sauti ipo. Ahesabu mikanda myeusi kwenye ncha ya jeki ya waya unaotoka kwenye mikisa kwenda kwenye kamera. Ikiwa miwili, huenda waya unabeba sauti ileile mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa kinyume, ili kuzuia mvumo njiani. Kamera yenye tundu la stirio haijui hilo. Inaichukua ya kwanza kuwa ya kushoto, ya pili kuwa ya kulia. Hedifoni huzipeleka kila moja kwenye sikio lake. Simu yenye spika moja huzijumlisha, nazo hufutana, mithili ya watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili kwa nguvu sawa.

Inahitajika kebo yenye jeki mbili za mkanda mmoja upande wa mikisa, zinazoungana kuwa jeki ndogo ya stirio upande wa kamera.

Tundu moja la kompyuta mpakato halitoshi kupokea sauti ya mikisa?

Mara nyingi halitoshi. Tundu la hedifoni na maiki kwa pamoja linataka jeki ya mikanda mitatu. Ya miwili hudhaniwa kuwa hedifoni. Kadi ndogo ya sauti ya USB humaliza tatizo.

Ajipime lini?

Dakika 30 kabla ya ibada. Mtu asome zaburi kwenye maiki ya mimbari, OBS irekodi dakika moja, kisha rekodi isikilizwe kwenye simu bila hedifoni. Na mmoja wa jamaa wanaomuuguza bibi apewe namba ya simu ya meza ya mitambo, apige mara tu sauti inapokatika.