Somo la Mapatano, na Hukumu ya Kuuza Korosho Zingali Maua

Bismillahi. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Kila mwaka korosho zianzapo kuanguka katika mashamba ya Newala na Masasi, huja watu wawili kuketi barazani mbele ya chuo changu. Mmoja ana waraka mkononi. Husema, "Maalim, huyu kaniuzia korosho zake." Mwenziwe hujibu, "Maalim, mimi nilikopa tu." Wote wawili ni Waislamu, wote husali safu moja nami, na kila mmoja yuko tayari kuapa. Kwa ajili yao nimeandika waraka huu, ili mtu ajue kabla hajatia kidole gumba, wala si baada ya kutia.

FASLI YA 1: AKDI NI NINI

Jua, ewe ndugu yangu, kwamba Mwenyezi Mungu ameifungua Suratul Maida kwa kuwaamrisha walioamini watimize akdi zao. Na akdi si ahadi tu. Katika madhhabi yetu ya Shafii, aliyekuahidi kitu kisha akaghairi amefanya lililo baya, walakini kadhi hamlazimishi. Ama aliyefunga akdi nawe, huyo hulazimishwa.

Nguzo za kuuziana ni 3. Ya kwanza ni wafungao akdi, nao ni mwuzaji na mnunuzi. Ya pili ni kifungiwacho, nacho ni mali na thamani yake. Ya tatu ni tamko, nalo ni ijabu na kabuli. Mtoto, na mwendawazimu, na aliyelazimishwa pasipo haki, akdi yao haisihi. Na hata tamko likiisha kutimia, kila mmoja ana khiyari ya kurudi maadamu hawajaachana pale walipofungia.

Sasa tazama sheria ya serikali. Waingereza walipoitawala Tanganyika walitumia sheria ya mapatano ya Bara Hindi ya mwaka 1872. Mwaka 1961 nchi ikapata Sheria ya Mikataba yake yenyewe, iliyofuata mfano ule ule, nayo ndiyo itumikayo hata leo Tanzania Bara. Kwa fungu lake la 10, mapatano huwa na nguvu yakifanywa kwa hiari ya watu wenye uwezo wa kupatana, kwa badali iliyo halali na kwa kusudi lililo halali. Mwenye uwezo ni aliyetimiza miaka 18 na mwenye akili timamu. Mahakama za maliwali na makadhi za Tanganyika ziliondolewa baada ya uhuru, kwa hiyo ugomvi wa mali leo hupelekwa kwa hakimu wa serikali. Walakini ukisikiliza vizuri, masuali aulizayo hakimu wa Mahakama ya Mwanzo yako karibu na yale aliyouliza kadhi wa zamani mwenye Minhaji ya Imam Nawawi mbele yake: Ni nani mliopatana? Mlipatana nini? Kwa bei gani? Kwa ridhaa ya nani?

FASLI YA 2: NAMNA HAKIMU ASOMAVYO MANENO

Hakimu hasomi moyo, husoma maneno. Hutazama kwanza waraka. Lililoandikwa waziwazi hushikwa kama lilivyo, na aliyetia mkono wake haruhusiwi kuleta mashahidi wa kinywa ili kuligeuza, illa akidai kwamba alidanganywa, au alitishwa, au waraka si wake.

Pili, neno likiwa na maana mbili, hutazama desturi ya mahali na vitendo vya wenyewe. Mfano wake: waraka wasema "magunia 2 ya korosho", wala haukutaja kilo. Je, ni gunia lililoshonwa mdomo, au ni lumbesa iliyofungiwa kilemba juu? Hapo huulizwa wafanya biashara wa mahali pale huuzaje, na hawa wawili walipimianaje mwaka uliopita. Nao wanazuoni wetu wamesema kwamba desturi ni hakimu.

Tatu, maneno yasipoweza kujulikana maana yake kwa njia yoyote, mapatano huwa batili. Sisi twaliita jambo hilo gharari.

Na katika kuthibitisha, sharia yetu imemtaka mdai alete ushahidi, na mwenye kukana aape. Mahakama ya serikali, katika madai ya mali, hupima ushahidi wa pande zote mbili, ikampa haki yule ambaye ushahidi wake ni mzito zaidi.

Hapa nataka usimame kidogo. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyo katika Suratul Baqara, ni aya ya kuandika deni. Imeamrisha awepo mwandishi mwadilifu, na mashahidi. Kisha ikaamrisha kwamba mwenye kusomesha maneno yaandikwe awe ni yule mwenye kudaiwa. Na akiwa dhaifu, asomeshe walii wake kwa uadilifu. Tazama desturi yetu huku juu! Mwenye fedha ndiye aandikaye nyumbani kwake usiku, na mwenye shida huletewa asubuhi atie kidole gumba. Tumeigeuza aya kichwa chini.

Nami sijitoi katika lawama. Mwaka mmoja niliitwa niwe shahidi, nikatia jina langu bila kusoma, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya darasa na mwenye waraka ni mtu nimjuaye. Msimu ulipofika ikadhihirika kwamba niliyemshuhudia alikuwa ametoa mikorosho yake yote kwa deni dogo. Aliniambia neno moja tu: "Maalim, mimi sijui kusoma, nilikutazama wewe." Tangu siku ile sishuhudii waraka illa nimeusoma kwa sauti mbele ya wote wawili.

FASLI YA 3: KOROSHO ZILIZO MAUA

Sababu ya jambo hili yajulikana. Katika miezi ya Juni hata Agosti mkorosho hutaka salfa, na shamba hutaka palizi, na huenda mtoto anatiwa jandoni, na fedha za msimu uliopita zimekwisha. Hapo huja mtu wa kangomba. Hutoa fedha kidogo, au mchele, naye huandikiwa korosho za mikorosho fulani, zitakazopimwa kwa bakuli lake.

Hukumu yake ni ipi? Mtume, rehema na amani zimfikie, amekataza kuuza matunda kabla haijadhihirika kutengenea kwake. Na alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende za mwaka na za miaka miwili kabla ya kupatikana. Hakuwafungia mlango, bali aliwaamrisha iwe kwa kipimo kijulikanacho, na uzani ujulikanao, na muda ujulikanao. Hiyo ndiyo salam. Wanazuoni wa Shafii wameishurutishia kwamba thamani yote itolewe palepale kabla ya kuachana, na kitu kiwe katika dhima ya mwuzaji, wala kisiwe matunda ya shamba dogo lililotajwa, kwani huenda yasizae.

Basi pima kangomba kwa mizani hiyo. Maua yameuzwa kabla ya tunda. Mikorosho imetajwa yenyewe. Bakuli la mtu mmoja si kipimo cha watu. Fedha hutolewa vipandevipande. Kila moja katika hizi yatosha kuibatilisha.

Tena iko sheria ya nchi. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka kwenye chama chake cha msingi, zikapimwa kwa mzani, zikawekwa ghalani, zikauzwa kwa mnada chini ya vyama vikuu, nacho ni MAMCU kwa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba. Kununua kwa kangomba kumekatazwa, na mapatano yenye kusudi lililokatazwa hayana nguvu mbele ya hakimu. Mwezi wa Novemba 2018 serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kila kilo, ilihakiki kwanza mashamba. Na wenye korosho nyingi kuliko mashamba yao wakaulizwa wamezipata wapi. Siku ile ya kuulizwa, waraka wa kangomba haukuwa ngao. Ulikuwa ushahidi juu ya mwenyewe.

FASLI YA 4: MWENYE KUVUNJA

Akdi iliyo sahihi ikivunjwa, hakimu humpa aliyedhulumiwa fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa kule, si ya kila jambo alilolitamani. Na ikiwa waraka umetaja adhabu, kama kusema "asipolipa, shamba ni langu", fungu la 74 lampa hakimu ruhusa ya kutazama fidia iliyo ya haki, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Sharia yetu nayo haimpi mwenye kudai rahani iwe mali yake kwa kupita muda tu: rahani huuzwa, akatwaa haki yake, na kilichobaki hurudi kwa mwenyewe. Mwenye haki naye asilale. Madai ya mkataba yana muda wa miaka 6.

MASUALI

Suali: Niliuza maua, nikala fedha. Maadamu akdi ni batili, je, nimesalimika?
Jibu: Hukusalimika. Ubatilifu umeondoa kuuza, haukuondoa fedha. Rudisha ulichotwaa, bila kuzidisha wala kupunguza.

Suali: Mimi ndiye niliyenunua. Je, niende mahakamani?
Jibu: Sheria ya Mikataba yamtaka aliyepokea kitu kwa mapatano yaliyodhihirika kuwa batili akirudishe, walakini aliyeingia katika biashara iliyokatazwa hali ya kujua asitumaini kwamba hakimu atamnyanyua. Dai rasilmali yako kwa wema, na mwenzio akiwa katika dhiki mngoje, kama Mwenyezi Mungu alivyoamrisha.

Suali: Na mwezi wa shida nifanyeje?
Jibu: Kopa fedha kwa jina la fedha, ulipe fedha hizohizo baada ya mnada. Taja kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, taja siku, usomeshe wewe unayedaiwa, wasikie mashahidi wawili, na kila mmoja abaki na nakala. Na wewe uliyejaaliwa, mkopeshe nduguyo bila ziada. Kwani leo yeye ndiye mwenye salfa ya kununua, na kesho huenda ikawa ni wewe.

KHATIMA

Haya ndiyo niliyoyaona yawafaa watu wetu. Asomaye amsomee asiyejua kusoma, hasa kabla ya maua. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa kutimiza akdi, na atuepushe na mali ya mtu isiyotoka kwa ridhaa yake. Amin.